Vouvray Demi-Sec ya Clos Naudin: sukari kidogo, uchachu mwingi, na subira

Watu wengi wakiona neno demi-sec kwenye chupa ya mvinyo mweupe huirudisha rafuni. Husikia "nusu mtamu" wakaikumbuka ile mivinyo ya bei rahisi inayonata mdomoni kama shira. Kwa mvinyo wa Vouvray, na hasa wa nyumba ya Clos Naudin, hofu hiyo haina msingi. Demi-sec yao ni mvinyo wa chakula. Uchachu wake ni mkali kiasi cha kuifuta sukari ulimini kabla hujameza, na kwa maoni yetu hii ndiyo chupa ya kuanza nayo kwa yeyote anayetaka kuijua Vouvray. Lakini ina masharti. Ukiipoza kupita kiasi, ukaifungua ikiwa katika kipindi chake cha kunyamaza, au ukainunua kwa muuzaji aliyeiacha dirishani juani, utakuwa umelipa pesa nyingi kwa maji ya ndimu yaliyotiwa asali.

Vouvray ni mji mdogo wa Ufaransa kwenye ukingo wa kaskazini wa mto Loire, kilomita kama 10 mashariki ya Tours. Jina lake linalindwa kisheria tangu mwaka 1936, kwa hiyo hakuna mvinyo unaoruhusiwa kuandikwa Vouvray kama zabibu zake hazikutoka kwenye vijiji vilivyotajwa na sheria hiyo. Mashamba yote kwa pamoja yanazidi hekta 2,000, na zaidi ya nusu ya mvinyo wa eneo hilo ni wa mapovu. Mvinyo mtulivu, yaani usio na mapovu, tunaouzungumzia hapa, ndio uchache, na ndani ya uchache huo umegawanyika tena kwa kiwango cha sukari.

Zabibu ni Chenin Blanc, na msomaji wa Afrika Mashariki anaifahamu hata kama hajawahi kuliona jina la Vouvray. Hulimwa Dodoma, ambako mzabibu huzaa mara mbili kwa mwaka, na ndiyo inayojaza rafu za Nairobi na Dar es Salaam kwa chupa za Afrika Kusini, nchi yenye Chenin nyingi kuliko nyingine yoyote duniani. Asili yake lakini ni huku bonde la Loire, na tofauti ya ladha inatokana na mambo mawili: joto na muda. Kwenye nchi ya jua kali sukari hupanda haraka ndani ya punje na uchachu hushuka haraka vilevile, kwa hiyo mkulima huvuna mapema ili asiukose. Vouvray iko nyuzi 47 kaskazini. Punje huning'inia mpaka Oktoba, miaka mingine mpaka Novemba, usiku ni baridi, na uchachu hubaki juu hata zabibu zikiwa zimeiva kabisa. Anayeipima Vouvray kwa kipimo cha Chenin laini ya Cape, Afrika Kusini, ataiona kali. Ukali huo ndio unaoubeba mvinyo huu miaka 20 au 30.

Domaine du Clos Naudin ni ya familia ya Foreau tangu 1923. Armand ndiye aliyeanza, akafuata André, kisha Philippe aliyeshika usukani mwaka 1983, na sasa mwanawe Vincent. Shamba lina hekta kama 12 tu. Kwa mlinganisho, jirani yao maarufu zaidi, Domaine Huet, ana takriban hekta 30. Hekta 12 maana yake familia yenyewe inaweza kuijua kila safu ya mizabibu yake, na maana yake pia chupa ni chache na huisha upesi.

Udongo unastahili kuelezwa, kwa sababu matokeo yake utayaonja. Vouvray yote imekaa juu ya jiwe jeupe jepesi la chokaa linaloitwa tuffeau. Ndilo jiwe lililojengea majumba ya kifalme ya bonde la Loire, na zama za kijiolojia lilipojilaza chini ya bahari, miaka milioni 90 hivi iliyopita, zimepewa jina la mji wa Tours: Turonia. Juu ya chokaa hiyo kuna tabaka la udongo la aina mbili kubwa. Wenyeji huuita udongo wa mfinyanzi wenye chokaa aubuis, na udongo wa mfinyanzi uliojaa mawe ya gumegume huuita perruches. Sehemu kubwa ya mizabibu ya Clos Naudin imesimama kwenye perruches. Aubuis hutoa mvinyo mnene na mpana. Perruches hutoa mvinyo mwembamba zaidi, wenye ncha, na wenye ile harufu ya mawe mawili yaliyogonganishwa. Harufu hiyo ndiyo alama ya nyumba hii, na haionekani vizuri popote kama kwenye demi-sec.

Mvinyo hutengenezwa ndani ya mapango. Wachimbaji wa zamani walipotoa mawe ya kujengea waliacha mashimo marefu ndani ya kilima, na wakulima wakayageuza maghala. Ndani kuna nyuzi 12 za Selsiasi hivi mwaka mzima, na unyevu wa kutosha kuyazuia mapipa yasikauke. Katika baridi hiyo hamira hufanya kazi polepole, wiki hata miezi, na harufu za tunda hazipepei. Foreau wanatumia mapipa ya lita 300, karibu yote ya zamani. Pipa jipya la mwaloni lingeutia mvinyo vanila na moshi, na hapa hilo halitakiwi. Pipa kuukuu kazi yake ni kuupa mvinyo pumzi kidogo tu.

Mambo mawili hawayafanyi, na yote mawili yanaeleza ladha utakayoikuta. La kwanza, hawaongezi sukari kwenye juisi kabla haijachacha, ingawa sehemu za kaskazini za Ufaransa kitendo hicho kina ruhusa ya kisheria ndani ya mipaka fulani. Sukari yote unayoionja ilitoka kwenye punje. La pili, wanauzuia ule uchachushaji wa pili ambao bakteria huigeuza asidi kali, ile iliyomo kwenye tofaa bichi, kuwa asidi laini ya maziwa. Mivinyo mingi meupe ya Burgundy, eneo jingine la Ufaransa, hupitia hatua hiyo, ndiyo maana ina ladha ya siagi. Chenin ya Vouvray ikipitishwa huko hulegea. Utamu wake hubaki bila mhimili.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo watu hupotea. Kila asilimia 1 ya kileo huhitaji takriban gramu 17 za sukari kwa lita ya juisi. Chukua juisi yenye gramu 230 kwa lita. Hamira ikiila yote, mvinyo utafika asilimia 13.5. Ukisimamishwa kwenye 12.5, hamira itakuwa imekula gramu kama 212 na kuacha 18. Gramu hizo 18 ndizo demi-sec. Kwa Vouvray ya aina hii kiasi cha kawaida ni kati ya 15 na 30 kwa lita, kulingana na mwaka na uchachu wake. Iweke hiyo kwenye glasi ya mililita 150 yenye gramu 20 kwa lita: gramu 3, pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Chupa ya soda ya kola ya mililita 300 ina gramu zaidi ya 30. Huu si mvinyo wa sukari.

Kusimamisha hamira nako kuna ufundi wake. Katika baridi ya pango, kuelekea majira ya baridi, hamira huchoka. Mtengenezaji hapo huuhamisha mvinyo kwenye pipa au tangi jingine na kuyaacha mashapo nyuma, huupoza, hutia salfa kidogo na kuuchuja vizuri kabla ya chupa. Uchujaji ukiwa hafifu, hamira chache zikabaki pamoja na sukari ile, mvinyo utaanza kuchacha tena ndani ya chupa. Ndiyo sababu mivinyo yenye sukari iliyobaki huhitaji salfa zaidi kuliko mikavu, na sheria ya Ulaya imelitambua hilo: miligramu 200 kwa lita ni kikomo cha mvinyo mweupe mkavu, na 250 kwa wenye sukari ya gramu 5 au zaidi. Katika chupa changa, ya mwaka mmoja au miwili, unaweza kuinusa salfa hiyo kama njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi. Mimina kwenye jagi, subiri dakika 30, itaondoka.

Nyumba hii haipangi mwanzo wa mwaka itatengeneza nini. Vuli, majira ya kuelekea baridi, ndiyo inayoamua. Zabibu huvunwa kwa mkono, kwa kupita shambani zaidi ya mara moja, na kila mara huchukuliwa zilizofikia kiwango fulani. Mwaka wa baridi na mvua, zabibu nyingi huenda kwenye mvinyo wa mapovu na sec, yaani mkavu. Mwaka wa wastani wenye jua la kutosha hutoa demi-sec. Vuli ikiwa ndefu, yenye ukungu asubuhi na jua mchana, kuvu wa botritisi huzitoboa ngozi, maji huvukiza, na punje hunywea zikabaki na sukari nzito. Hapo hupatikana moelleux, mtamu kamili, na kwa nadra sana moelleux réserve. Juu ya zote kuna Goutte d'Or, yaani tone la dhahabu, iliyotengenezwa kwenye miaka ya ajabu kama 1947 na 1990. Kwa hiyo usishangae kukuta mwaka ambao aina unayoitafuta haikutoka kabisa, au imetoka kidogo mno.

Miaka ya kuangalia: 2002 na 2005 ni bora bonde zima, na chupa zake zilizohifadhiwa vizuri bado zina nguvu. Mwaka 2003 ulikuwa wa joto kali, mvinyo wake ni mnene na uchachu wake uko chini ya kawaida, hivyo haufai kuwa chupa yako ya kwanza. Juni 2013 mvua ya mawe iliyapiga mashamba mengi ya Vouvray, na mwishoni mwa Aprili 2016 ukaja umande wa barafu ulioua machipukizi bonde zima la Loire. Miaka kama hiyo hupunguza wingi zaidi ya ubora. Punje zilizosalimika zinaweza kuwa nzuri sana, ila muuzaji atakupa chupa mbili badala ya sita. Mwaka 2018 ulikuwa wa jua, na kwa anayeogopa uchachu ni mlango rahisi wa kuingilia.

Kusoma lebo ya Vouvray kunahitaji umakini, na hapa tuna lawama kwa eneo zima. Neno la utamu mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo, na wengine hawaliandiki kabisa. Litafute neno sec, demi-sec au moelleux kwenye lebo ya mbele au ya nyuma. Lisipoonekana, muulize muuzaji, na asipojua usinunue kwa kubahatisha. Brut na pétillant maana yake mapovu. Lipo pia neno la mazungumzo, sec tendre, mkavu mpole, kwa mvinyo ulio kati ya sec na demi-sec, nalo huwachanganya watu kwa sababu halina kipimo cha kisheria. Ingefaa sana kila nyumba ichape gramu za sukari kwa lita. Kuna watengenezaji wa mvinyo wa zabibu ya Riesling wanaochora mstari wa utamu nyuma ya chupa, na mnunuzi huelewa kwa kutupia jicho mara moja.

Tuje kwenye glasi. Chukua glasi yenye tumbo na mdomo uliobana kidogo, ya mvinyo mweupe ya kawaida, siyo ile nyembamba ya mapovu. Mimina mililita 100 mpaka 120, usijaze. Rangi ya chupa changa ni njano iliyopauka yenye mng'ao wa kijani, na ikifika miaka 10 hukaribia rangi ya majani makavu. Pua ya mwanzo ni ndogo: ganda la limau, peasi bichi, jiwe lenye maji. Ukiuzungusha mvinyo na kuuacha dakika 10 huanza kujifungua. Hutokea tofaa lililookwa, nta ya nyuki, maua makavu ya kamomili, na kwa chini asali, ila ni harufu ya asali bila uzito wake. Mdomoni utamu hugusa kwanza ncha ya ulimi. Ndani ya sekunde mbili uchachu hupanda kutoka pembeni, mate hujaa, na utamu hutoweka. Kinachobaki baada ya kumeza ni kikavu kabisa, chenye uchungu mwembamba kama wa ganda jeupe la balungi na chumvi kidogo. Huo ukavu wa mwisho ndio kipimo cha demi-sec nzuri. Kama baada ya kumeza bado unaonja sukari, basi ama mvinyo una joto kupita kiasi, ama mwaka haukuwa na uchachu wa kutosha, ama chupa si ya nyumba makini.

Acha nusu ya glasi ikae saa nzima juu ya meza. Utakapoirudia, tangawizi na zafarani zitakuwa zimejitokeza ambazo mwanzo hazikuwepo.

Joto la kunywea ni nyuzi 10 mpaka 12. Friji ya nyumbani huwa kwenye 4 au 5, na mvinyo huu ukinywewa kwa 5 hutoa uchachu peke yake, harufu zote zikiwa zimefungwa. Itoe chupa kwenye friji dakika 25 kabla ya kuimimina ukiwa nchi ya baridi. Ukiwa Mombasa au Dar mwezi wa Januari dakika 10 zatosha, kisha iweke kwenye ndoo yenye maji na barafu chache, si barafu tupu. Kinyume chake nacho ni kibaya: ukipita nyuzi 15, utamu hutangulia na mvinyo huchosha baada ya glasi moja.

Chupa changa, chini ya miaka mitatu, ina furaha ya tunda na inanyweka vizuri. Kisha huja kipindi ambacho wapenzi wa Chenin hukijua na wengine hukidhania kasoro: kati ya mwaka wa nne na wa nane hivi, mvinyo hujifunga. Harufu hupungua, uchachu huonekana peke yake, na mtu hujuta kununua. Haujaharibika. Ukilazimika kuufungua wakati huo, mimina chupa nzima kwenye jagi saa mbili kabla ya chakula na ulifunike kwa kitambaa safi. Kama una uwezo wa kusubiri, nunua chupa tatu: moja inywe mapema, ya pili iache ifike miaka 10, ya tatu 15 au zaidi. Baada ya miaka 10 sukari haijapungua kwa kipimo cha maabara, lakini ulimi huiona kidogo, kwa sababu tunda lililoipa sura ya utamu limegeuka kuwa nta, njugu na uyoga.

Kuhusu kasoro, tofautisha zile za kweli na zile za kudhaniwa. Vipande vidogo vinavyong'aa kama chembe za sukari, chini ya chupa au kwenye kizibo, ni chumvi ya asidi ya tartari iliyoganda kwa baridi. Havina madhara, na mara nyingi ni dalili kwamba mvinyo haukusumbuliwa kwa kupozwa kupita kiasi kiwandani. Visimamishe chini kwa kuiweka chupa wima siku moja na mimina taratibu. Viputo vichache kwenye ulimi wa mvinyo mchanga ni hewa ya kaboni iliyobaki, haina neno. Lakini chupa yenye sukari iliyobaki ikifunguka kwa mlio na povu, ikiwa na mawingu, basi imechacha upya na irudishwe. Harufu ya boksi lililolowa au kitambaa cha kupigia deki kilichosahaulika ndooni ni kizibo kilichoathiriwa na ukungu, na hakuna jagi litakaloiponya. Rangi ya kahawia pamoja na harufu ya tofaa lililokatwa jana kwenye chupa ya miaka mitano maana yake hewa imeingia. Chenin ya kawaida ina harufu ya sufi ya kondoo iliyolowa mvua, hasa ikiwa changa, na wengi huirudisha wakidhani ni kizibo. Jaribu hivi: iache glasi dakika 20. Sufi hupungua, ukungu wa kizibo huongezeka.

Joto la usafirishaji ndilo adui mkubwa kwa wasomaji wa ukanda wetu. Kontena lililokaa bandarini wiki tatu linaweza kuupika mvinyo kabla haujafika dukani. Kabla ya kulipa, kagua kizibo bila kukifungua: kikiwa kimesukumwa juu kuliko mdomo wa chupa, au ukikuta unato chini ya kifuniko, mvinyo ulipanuka kwa joto. Usawa wa mvinyo shingoni ukiwa chini ya kidole kimoja kutoka kizibo kwa chupa ya juzi ni sawa. Ukiwa umeshuka mpaka mabegani, iache. Nyumbani, chupa ya kukaa miaka inahitaji nyuzi 12 mpaka 14, giza, na ilazwe ili kizibo kibaki na unyevu. Chumba cha pwani chenye nyuzi 29 kitaizeesha ndani ya miezi. Asiye na kabati la mvinyo anunue chupa ya kunywa ndani ya mwezi au mitatu, aiweke kwenye droo ya chini ya friji ikiwa imelala, na aachane na mpango wa kuihifadhi miaka 15.

Chakula ndicho sababu ya kuchagua demi-sec badala ya sec. Kwao Touraine, eneo la Tours na Vouvray, huinywa na samaki wa mtoni kwenye mchuzi mweupe wa siagi, vitunguu na siki, na kuku wa krimu, na jibini ya mbuzi ya Sainte-Maure, ile ndefu kama gogo iliyopitishwa unyasi katikati. Kanuni iliyo nyuma ya vyakula hivyo ni moja: mafuta au krimu hukatwa na uchachu, na utamu mdogo wa mchuzi hukutana na utamu mdogo wa mvinyo. Kanuni hiyo hiyo inauleta mvinyo huu moja kwa moja kwenye meza ya Waswahili. Samaki wa kupaka, tui zito, ndimu, bizari na moshi wa mkaa, hana mwenzi mzuri zaidi wa mvinyo mweupe kuliko huu. Mvinyo mkavu mbele ya tui huonekana mwembamba na mchungu, demi-sec hulingana nalo. Kamba wa nazi na kuku wa nazi vilevile. Pilipili ya wastani mvinyo huu huipoza. Pilipili mbuzi nzimanzima hautaivumilia, kwani kileo cha asilimia 12 au 13 huchochea moto. Biriani ya kuku yenye zafarani na vitunguu vya kukaanga ni bora sana, ukiwa na chupa ya miaka 10.

Usiilete na kitindamlo. Halua, kaimati au keki iliyo tamu kuliko mvinyo itaunyang'anya utamu wote na kuuacha mchachu kama ndimu tupu. Hapo panahitaji moelleux. Nyama choma ya ng'ombe nayo inataka mvinyo mwekundu, ila ya mbuzi iliyokamuliwa limau inaenda.

Bei haiko chini. Ni mara kadhaa ya Vouvray ya supamaketi, na bado ni nafuu sana ukilinganisha na mvinyo mweupe wa Burgundy wa kiwango kama hiki, wenye uwezo kama huu wa kuzeeka. Anayetaka kuonja mtindo kabla ya kulipa zaidi aanze na Vouvray ya nyumba ya Champalou, laini na ya kufikika mapema. Kisha ailinganishe Clos Naudin na demi-sec ya shamba la Le Mont la Huet ya mwaka uleule, kwani Le Mont nayo iko kwenye udongo wa mawe, na tofauti itakayobaki ni ya mikono. Huet huwa na unono zaidi. Foreau huwa na ncha, na mezani penye nazi na ndimu sisi tunaichagua ncha hiyo.

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi sita au saba za kiasi hicho tulichokitaja. Ikibaki, irudishie kizibo na iweke frijini. Uchachu na sukari huilinda siku nne hata tano, na kwa chupa changa siku ya pili mara nyingi ni bora kuliko ya kwanza.